Shahada ya historia Burundi: Rumonge bado inasubiri zamu yake

MKOA wa Rumonge haupo tena. Ulizaliwa Machi 2015 kwa kumegwa kutoka Bururi na Bujumbura Vijijini, ukawa wa 18 nchini Burundi. Mwaka 2025 ukafutwa, pale mipaka mipya iliyopitishwa na sheria ya 2023 ilipoanza kutumika baada ya uchaguzi wa Juni. Mikoa 18 imebaki mitano, komini 119 zimebaki 42. Rumonge sasa ni komini moja kati ya saba za mkoa wa Burunga, ambao makao yake makuu yako Makamba, juu milimani, mbali na ziwa.

Kwa muuza ndagala au mwenye shamba la michikichi, mabadiliko hayo ni habari ya ofisi na mihuri. Kwa mwanafunzi wa historia ni habari nyingine kabisa. Hapa kuna mkoa ulioishi miaka kumi, una mwanzo, una mwisho, na karibu kila aliyeushuhudia bado yuko hai na anakumbuka. Ni mada ya utafiti iliyoiva. Je, yupo wa kuiandika?

Swali hilo haliwezi kujibiwa bila kutazama shahada ya historia yenyewe: ilivyoanza Bujumbura, ilivyowatuma vijana vilimani na pwani kuwasikiliza wazee, na ilivyofika mahali ikanyamaza. Katika makala haya nimeegemea zaidi kazi za wanahistoria wawili walioijenga fani hiyo nchini, Mfaransa Jean-Pierre Chrétien na Mrundi Émile Mworoha. Kwao wafalme na mapokeo ya mdomo vina nafasi kubwa kuliko masoko na mitumbwi, na hilo lenyewe lina uhusiano na jinsi Rumonge ilivyosahauliwa.

Kabla ya uhuru hakukuwa na Mrundi aliyeweza kusomea historia ya nchi yake akiwa nyumbani. Aliyebahatika alipitia shule ya Astrida, baadaye Butare na leo Huye nchini Rwanda, iliyoanzishwa na Mabruda wa Charité mwaka 1929 kuwaandaa makarani na watoto wa machifu. Baadaye palikuwepo Lovanium ya Kinshasa, iliyoanza 1954, na chuo kikuu cha Elisabethville, 1956, au Ubelgiji kwenyewe, alikosoma Mwanamfalme Louis Rwagasore. Historia ya Burundi ilikuwa imekwisha kuandikwa na wageni: Mjerumani Hans Meyer mwaka 1916, kisha Askofu Julien Gorju mwaka 1938. Vitabu vya enzi hizo vilimgawa Mrundi kwa mbari, vikadai kwamba utawala uliletwa na watu wa kabila la "Kihamiti" kutoka mbali. Fikra hiyo ilifundishwa shuleni, ikaingia ofisini, na madhara yake tunayajua.

Uhuru ulipatikana Julai 1, 1962. Mwaka 1964 kikaanzishwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura chini ya uongozi wa Majezuiti, ambacho tangu 1977 kinaitwa Chuo Kikuu cha Burundi. Kulikuwa pia na chuo cha juu cha ualimu, École Normale Supérieure, na hapo ndipo Chrétien alipofundisha kati ya 1964 na 1968, akiwa bado kijana.

Ni vyema kukumbuka yaliyokuwa yakitokea ng'ambo ya mpaka miaka hiyohiyo. Chuo kikuu cha Dar es Salaam, Terence Ranger alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya historia, na mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu wakatoa kitabu chao cha historia ya Tanzania kikimweka Mwafrika katikati ya habari zake mwenyewe. Walter Rodney alifundisha hapo, na kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972. Mlimani, kwenye kampasi ya chuo hicho, kulikuwa na mijadala mikali, mihadhara iliyojaa watu, na siasa za ujamaa. Bujumbura, walichokuwa nacho zaidi ni wazee.

Njia ilikuwa imeshafunguliwa na Jan Vansina. Akiwa kwenye kituo cha utafiti cha Astrida mwishoni mwa miaka ya 1950, aliongoza kazi ya kukusanya mapokeo ya mdomo Rwanda na Burundi, na kitabu chake cha 1961 kikawafundisha wanahistoria wa dunia nzima kwamba simulizi ya mzee inaweza kuchambuliwa kwa ukali uleule unaotumika kwa hati ya maandishi. Kile alichokusanya Burundi kilichapishwa mwaka 1972. Chrétien na Mworoha wakaendelea hapo: mwaka 1970 walichapisha pamoja utafiti juu ya makaburi ya wafalme wa Burundi, kazi iliyotegemea watu waliokabidhiwa ulinzi wa makaburi hayo na kuujua mwiko wake.

Hivyo ndivyo shahada ya kwanza ya historia ilivyopata sura yake. Mfumo ulikuwa wa Kibelgiji: miaka miwili ya kandidatiri, miaka miwili ya lisansi, masomo yote kwa Kifaransa. Mwisho wa yote mwanafunzi aliandika tasnifu, ile inayoitwa memwari, na bila hiyo hakuwa lisansiye. Ili kuiandika alilazimika kutoka chuoni, aende kwenye kolini aliyoichagua, yaani kilima chenye makazi yake, ajitambulishe kwa viongozi, kisha aketi na wazee na kuuliza.

Anayepata nafasi ya kufungua memwari moja ya zamani ya historia asiishie kwenye jalada, lenye maneno ya kawaida kwamba kazi imewasilishwa ili kupata daraja la lisansiye. Afungue kurasa za nyuma. Huko kuna orodha ya waliohojiwa: jina, umri, kolini, tarehe ya mazungumzo. Mzee wa miaka 80 aliyehojiwa mwaka 1967 alizaliwa karibu na 1887. Alikuwa mtoto Waarabu wa ziwani walipokuwa na nguvu, kijana Mfalme Mwezi Gisabo alipofariki mwaka 1908, na mtu mzima Wabelgiji walipowafukuza Wajerumani mwaka 1916. Wote walioorodheshwa hivyo wameshazikwa. Kilichobaki cha sauti zao ni karatasi zilizopigwa chapa na kijana aliyekuwa akitafuta shahada. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na orodha hizo ndizo daftari.

Ugomvi wa mwaka 1881

Kama kuna mahali palipostahili memwari nyingi, ni Rumonge. Chukua tukio moja tu.

Mwaka 1878 Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers alituma msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, Mapadri Weupe, kuelekea maziwa makuu. Waliondoka Bagamoyo katikati ya mwaka. Kundi moja lilikuwa la Nyanza, yaani Ziwa Viktoria, ndilo lililofika Buganda. Jingine lilikuwa la Tanganyika. Kiongozi wa kundi hilo, Padri Pascal, alifia njiani, na Padri Deniaud akashika nafasi yake. Januari 1879 wakawa Ujiji. Ujiji ya wakati huo ilikuwa mji wa biashara wa Waarabu na Waswahili, na wamisionari hawakutaka kuishi chini ya macho yao. Wakaenda kaskazini kwa mitumbwi, wakashuka Rumonge, na katikati ya 1879 wakajenga.

Hiyo ndiyo iliyokuwa misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika nchi inayoitwa leo Burundi. Haikufikisha miaka miwili.

Sera ya Lavigerie ilikuwa kuwakomboa watoto kutoka utumwani na kuwalea kwenye misheni, wawe mbegu ya vijiji vya Kikristo. Kwenye pwani ambayo watu walikuwa wakinunuliwa na kuuzwa, sera hiyo iliwaingiza mapadri moja kwa moja kwenye biashara ya wengine. Jirani zao walikuwa Wabikari, watu wa Bikari, na ukazuka ugomvi juu ya mtoto mmoja aliyekuwa chini ya malezi ya misheni. Mazungumzo yakashindikana. Mei 4, 1881, Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao mlei D'Hoop, mmoja wa wale ambao Lavigerie aliwatuma kuzilinda misheni, waliuawa Rumonge. Waliosalia wakaiacha misheni wakahamia upande wa magharibi wa ziwa, Masanze. Mapadri Weupe hawakuweka misheni ya kudumu Burundi hadi Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899, zote mbili mbali na ziwa.

Kwa Kanisa, hao ni mashahidi wa kwanza wa Burundi, na wana haki ya kukumbukwa hivyo. Kwa mwanafunzi wa historia kazi ndiyo kwanza inaanza. Habari zote hizi zimetoka upande mmoja. Lavigerie aliagiza kila kituo kiandike shajara ya kila siku, na shajara hizo pamoja na barua ndizo chanzo chetu. Wabikari hawakuacha karatasi. Bikari alikuwa nani? Alikuwa mtu wa Mwezi Gisabo, au mfanyabiashara aliyejitengenezea himaya yake mwenyewe ufukweni? Mfalme alijua nini juu ya wazungu waliojenga pembeni mwa nchi yake? Na mtoto yule, ambaye watu watatu walikufa kwa ajili yake, alitoka wapi, na alikuwa mtoto wa nani?

Maswali haya si ya kupamba makala. Yanagusa jambo kubwa katika historia ya Burundi: mkono wa mfalme ulifika wapi? Vitabu vilivyolelewa Bujumbura vinauchora ufalme kutoka ndani, kutoka Muramvya, kwenye makaburi na ngoma. Ukiutazama kutoka Rumonge unaona nchi nyingine: bonde la Imbo, joto, mitumbwi, chumvi ya Uvinza, mafuta ya mawese yanayopelekwa kuuzwa Ujiji, na machifu wadogo wanaosikiliza habari za ziwani kuliko za milimani. Richard Burton na John Speke walipita pwani hii kwa mitumbwi Aprili 1858 wakielekea Uvira, na Burton aliandika juu ya mawese ya Urundi. Chrétien mwenyewe aliandika vizuri juu ya biashara ya chumvi ya Uvinza. Lakini pwani ilibaki pembezoni mwa hadithi kuu.

Jiwe, Rumaliza na malale

Mada nyingine zimelala njiani kati ya Bujumbura na Rumonge, safari ya kilomita zipatazo 75 ukiwa na ziwa mkono wa kulia.

Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25-XI-1871. Wageni wengi huambiwa kwamba hapo ndipo Stanley alipompata Livingstone. Sivyo. Walikutana Ujiji mapema Novemba, na huku walikuja pamoja kwa mtumbwi kuhakikisha kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waligundua unaingia, na kwa hiyo Tanganyika haikuwa chanzo cha Nile kwa njia hiyo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapaswa kupelekwa pale siku ya kwanza ya somo la vyanzo: asome jiwe, asikilize anayosimuliwa, kisha apewe shajara za wasafiri wenyewe alinganishe.

Kuna Rumaliza, jina halisi Mohamed bin Khalfan, Mwarabu wa ukoo wa Barwani na mshirika wa Tippu Tip, aliyetawala biashara ya kaskazini mwa ziwa miaka ya 1880. Alijaribu kuingia Burundi kupitia Uzige, sehemu ya Bujumbura ya leo, na mara kadhaa akarudishwa na watu wa Mwezi Gisabo. Historia ya shuleni inasifu, kwa haki, ushindi huo. Isichosema ni kwamba kwenye pwani hiyohiyo kuna Waislamu wa Kiswahili, Rumonge, Nyanza-Lac na mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, ambao nao ni Warundi, na ambao mababu zao walifika na misafara hiyo au waliungana nayo. Utafiti mkubwa kuhusu Waislamu wa Bujumbura wakati wa ukoloni umefanywa na Mbelgiji, Geert Castryck, na kutetewa Ghent. Ni kazi ya kushukuriwa. Inauma tu kwamba ilibidi itoke Ghent.

Na kuna malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliikumba pwani ya Tanganyika vibaya, na Wajerumani wakawahamisha watu kutoka ufukweni. Vijiji vikafutika. Watu waliorudi baadaye hawakuwa walewale walioondoka. Kila mjadala wa ardhi Rumonge, ukiuchimba chini vya kutosha, unafika hapo.

Ardhi ya Rumonge ni michikichi. Ukipita kwenye mitambo midogo ya kukamulia mawese utaona kazi nzima kwa macho: chikichi zinachemshwa kwenye mapipa ya chuma, zinasagwa, zinakamuliwa, mafuta mekundu yanaenguliwa juu ya maji na kutiwa madumu ya njano, na kokwa zinaanikwa pembeni zipasuliwe baadaye. Moshi wake unashika nguo. Biashara hii ina umri mkubwa kuliko ukoloni wenyewe. Walikuwa nayo kabla ya Burton, wakoloni wakaitia kwenye mipango yao, na baada ya uhuru serikali ikaanzisha mradi mkubwa wa michikichi ya mbegu mpya Rumonge. Aliyepata shamba, aliyenyang'anywa, aliyekimbia na kulikuta lina mwenyewe mwingine: hiyo ni historia ya jamii ya nusu karne, na inatupeleka kwenye mwaka ambao shahada ya historia iliupita pembeni.

Mwaka uliorukwa darasani

Jioni ya Aprili 29, 1972, makundi ya waasi wa Kihutu yalishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, yakaua maofisa wa serikali na raia wa Kitutsi. Usiku uleule mfalme wa zamani, Ntare wa Tano, aliuawa Gitega. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima na kudumu miezi. Wahutu wenye elimu ndio waliotafutwa kwanza: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari, wanafunzi wa chuo kikuu waliochukuliwa kutoka chuoni na hawakurudi. Makadirio mengi ya waliokufa yako kati ya 100,000 na 300,000. Wengine walikimbilia Tanzania, wakakaa Katumba, Ulyankulu na Mishamo, wengi wao watu wa pwani hii. Warundi wanaiita Ikiza.

Sasa angalia vitabu vilivyofuata kutoka Bujumbura. Kitabu cha Mworoha juu ya watu na wafalme wa nchi za maziwa kilitoka 1977. Mwaka 1979 ulifanyika mkutano mkubwa wa kitaaluma mjini Bujumbura juu ya ustaarabu wa kale wa nchi za maziwa makuu. Mwaka 1983 Joseph Gahama akatoa kazi yake juu ya utawala wa Wabelgiji: inaishia 1939. Mwaka 1987 ikatoka Historia ya Burundi chini ya uongozi wa Mworoha: inaishia mwisho wa karne ya 19. Ni kazi nzuri, na mimi nimezitegemea hapa. Lakini zinasimama kabla ya kufika palipouma.

Sababu hazihitaji kutafutwa mbali. Chini ya utawala wa Jean-Baptiste Bagaza, 1976 hadi 1987, kutaja Uhutu na Ututsi hadharani kulikuwa kosa la kisiasa. Mworoha mwenyewe alikuwa mtu wa utawala huo. Alikuwa spika wa Bunge kuanzia 1982 hadi 1987. Mwanafunzi wa lisansi aliyekuwa na busara alichagua karne ya 19.

Nje ya nchi, ugomvi ulikuwa mkali. René Lemarchand, pamoja na David Martin, walichapisha mwaka 1974 ripoti iliyoyaita yaliyotokea mauaji ya kimbari ya kuchagua. Kwa miaka mingi Lemarchand na wenzake waliilaumu shule ya Chrétien na Bujumbura kwamba ilisisitiza sana makosa ya ukoloni na hadithi ya Uhamiti, ikawa rahisi kwa watawala kujificha nyuma yake. Chrétien alijibu kwamba anayerudia mgawanyo wa makabila kana kwamba ulikuwepo tangu zamani anaendeleza kazi ya mkoloni. Mwaka 2007, yeye na Jean-François Dupaquier wakatoa kitabu kizima juu ya 1972, wakichunguza mashambulizi ya Aprili kusini na mauaji ya serikali yaliyofuata. Ilikuwa miaka 35 baadaye.

Na wakati wasomi wakibishana, kulikuwa na darasa jingine la historia. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na wakimbizi wa Kirundi huko Mishamo na Kigoma katikati ya miaka ya 1980, akasikiliza jinsi wanavyoisimulia nchi yao. Kitabu chake cha 1995 kinaonyesha kwamba kambini watu walikuwa wametunga historia kamili ya Burundi, yenye mwanzo wake, wahaini wake na ahadi yake, nao waliifundisha kwa watoto. Haikuwa historia ya Mutanga, kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi. Kwa hiyo kizazi kimoja cha Warundi kilikua na historia mbili, moja ya chuo kikuu iliyoishia kwa wafalme, nyingine ya kambi iliyoanzia kwenye jeraha, na kati yake ulikuwa mpaka.

Naona kosa kubwa la shahada ya historia ya wakati huo liko hapa. Ilikuwa na mbinu bora kuliko karibu idara yoyote ya jirani kwa kazi ya kusikiliza wazee. Ilikuwa na vijana waliotoka kila kolini. Mashahidi wa 1972 walikuwa hai, wajane wa pande zote mbili, wavuvi walioona maiti, waliovusha watu usiku kwa mitumbwi. Mbinu ikatumika kwa wafu wa kale, na walio hai wakaachwa wanyamaze. Walimu na wanafunzi waliokuwa hapo walikuwa na familia na hofu zao, na hakuna wa kuwarushia jiwe. Hasara ni hasara hata hivyo.

Yaliyofuata yanajulikana. Vita vilianza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993. Usiku wa kuamkia Juni 12, 1995, wanafunzi wa Kihutu waliuawa kwenye kampasi ya Mutanga, ndani ya chuo kinachofundisha historia. Mkataba wa Arusha wa Agosti 28, 2000 ulisema wazi kwamba historia ya Burundi iandikwe upya ili Warundi waweze kuisoma kwa namna moja. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliundwa kwa sheria ya 2014, ikafukua makaburi ya halaiki, likiwemo eneo la Karuzi mwaka 2020 ambako yalipatikana mabaki ya watu zaidi ya 6,000, na Desemba 2021 ikatangaza kwamba 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Wapo walioshukuru, wapo waliosema tume imetazama upande mmoja. Kazi ya kupima hoja hizo ni ya mwanahistoria, na ndiyo kazi anayopaswa kufundishwa kijana wa shahada ya kwanza.

Shahada yenyewe imebadilika. Tangu mageuzi ya 2011 mfumo ni wa BMD: bakaloria ya miaka mitatu, kisha masta, kisha udaktari. Lisansi ya miaka minne imekwisha. Mwaka 2017 ruzuku ya wanafunzi ikageuzwa mkopo, na wanafunzi wakagoma. Kijana wa Rumonge anayetaka kusomea historia leo anahesabu deni, anahesabu kodi ya chumba Bujumbura, na anajua kwamba kazi inayomsubiri zaidi ni ualimu. Miaka mitatu ni michache kujifunza kukosoa chanzo kwa Kifaransa na kuhoji wazee kwa Kirundi na Kiswahili, ukawa na ujasiri wa kufanya vyote viwili vizuri. Burundi imo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kiswahili kinafundishwa shuleni, lakini historia ya pwani hii bado haijaandikwa kwa lugha inayozungumzwa sokoni kwake.

Na waliorudi kutoka Tanzania, makumi ya maelfu kuanzia 2008, wamekuta mashamba ya michikichi ya wazazi wao yana wenyewe wengine, ambao nao walikuwa wamelima hapo kwa miaka mingi na wamezika watoto wao hapo. Tume ya ardhi na mali iliamua kesi baada ya kesi. Kila faili lilikuwa na ushuhuda wa historia ndani yake: nani alipanda mti huu, nani alikuwepo, nani alikimbia mwaka gani. Ningependa kuona mwanafunzi mmoja tu wa Mutanga akiandika bakaloria yake juu ya kolini moja ya Rumonge kwa kusikiliza waliobaki na waliorudi, pande zote mbili, na kuweka majina yao kwenye orodha ya nyuma kama walivyofanya kaka zake wa 1967.

Idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Burundi inaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji mfadhili: itafute kwenye rafu zake kila memwari iliyoandikwa juu ya Imbo, Rumonge na Nyanza-Lac tangu miaka ya 1960, itoe nakala, izilete Rumonge, ziwekwe mahali ambapo mwalimu wa sekondari na mvuvi wanaweza kuzifungua. Viongozi wa komini mpya wahakikishe karatasi za mkoa uliofutwa haziozi kwenye stoo wala hazifungiwi vitumbua. Na wewe msomaji wa pwani hii, uliye na mama au babu aliyeuona mwaka 1972, au aliyepanda michikichi ya kwanza ya mradi, au anayejua habari za Wabikari alizopewa na bibi yake, usimsubiri mwanafunzi. Simu uliyonayo mfukoni inarekodi. Mwombe kwa heshima, anza na jina lake, mwaka aliozaliwa na kolini yake, kisha mwache aseme hadi amalize.